Shawa ya Umeme na Nyumba Zetu za Zamani

Kwa muda mrefu umeme katika nyumba nyingi za visiwa vyetu ulikuwa na kazi chache za kuhesabika: taa, feni, redio, pasi na, kwa wenye uwezo, friji. Nyaya zilizotandikwa katika nyumba hizo zilipimwa kwa kazi hizo, na fundi aliyezitandika alitenda kama alivyofundishwa. Bafu lilikuwa mahali pa ndoo na kata. Siku hizi mambo yamebadilika. Shawa inayopasha maji kwa umeme papo hapo yanapopita imeingia katika nyumba za wageni, katika nyumba za kupanga na katika nyumba za watu wa kawaida, na asubuhi za kipupwe watu huiona kuwa ni neema. Lakini mara nyingi nyaya zinazoilisha ni zile zile za taa na pasi.

Kutokana na mabadiliko hayo limezuka swali ambalo wenye nyumba na mafundi wamekuwa wakiulizana, nalo linastahili kujibiwa hadharani. Je, nyumba ya zamani, iliyowekewa umeme kwa mujibu wa kanuni za wakati wake, inapaswa kuwekewa kinga za kisasa katika njia ya umeme wa shawa?

Wako wasemao hapana. Wanasema kwamba kazi iliyokuwa halali ilipofanywa haiwezi kugeuzwa kuwa kosa kwa sababu tu kanuni zimebadilika. Wanasema kwamba nyumba imekaa miaka 40 na hakuna aliyedhurika. Wanasema pia kwamba gharama ya kuvunja kuta na kutandika nyaya upya itawaangukia watu wasio na uwezo, hasa wazee walioachiwa nyumba na wazazi wao na ambao hawana zaidi ya nyumba hiyo. Hoja hizi si za kupuuzwa, na sisi hatutaki kuzipuuza. Lakini kabla ya kuzipima hatuna budi kuelewa kinga za zamani zilikuwa zikimkinga nani.

Fyuzi iliyomo katika sanduku la umeme, na hata sakiti breka iliyochukua nafasi yake, iliwekwa ili kuukinga waya. Waya ukibebeshwa mzigo kupita kiasi hupata moto, na moto huo unaweza kuunguza nyumba. Fyuzi hukatika kabla ya hilo kutokea. Hiyo ni kazi kubwa na ya lazima, lakini ndiyo kazi yake. Mwili wa mwanadamu haumo katika hesabu ya fyuzi.

Tuitazame hesabu yenyewe, kwa kuwa si ngumu. Shawa ya wati 5,500 katika umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 24, kwa hiyo fyuzi au breka yake huwa ya ampea 30 au zaidi. Mtu aliyelowa maji, asiye na viatu, aliyesimama juu ya sakafu yenye maji, huwa na ukinzani wa kiasi cha omu 1,000, na pengine pungufu. Akiguswa na volti 230, mkondo utakaompitia ni kiasi cha miliampea 230, yaani chini ya robo ya ampea moja. Fyuzi ya ampea 30 haiwezi kuutambua mkondo mdogo kama huo. Kwake ni sawa na taa moja iliyowashwa. Lakini kwa mwili wa mtu ni mkondo wa kuua. Miliampea 50 hadi 100, zikipita kifuani kwa muda wa sekunde moja au zaidi, zinaweza kuuvuruga moyo hata usiweze tena kusukuma damu.

Katika utafiti wake mashuhuri, Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California alipima kiasi cha mkondo ambacho mtu aliyeshika chuma chenye umeme anaweza kukivumilia na bado akamudu kukiachia. Wastani aliouona ulikuwa miliampea 16 kwa wanaume na kiasi cha miliampea 10.5 kwa wanawake. Ukizidi hapo misuli hukaza, na mkono humsaliti mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba akipigwa shoti bafuni ataruka pembeni hajui asemalo. Mwaka 1961 Dalziel alibuni kifaa cha kukata umeme mara unapovuja, na wataalamu wa nchi nyingine nao walikuwa wakishughulikia vifaa vya namna hiyo katika miaka ile ile.

Kifaa hicho mafundi wetu wanakijua kwa herufi zake tatu, RCD. Kwa lugha nyepesi ni kikatio cha uvujaji. Kazi yake ni kulinganisha. Umeme unaokwenda kwa waya wa moto unapaswa kurudi wote kwa waya wa nyutro. Ukipungua unaporudi, maana yake ni kwamba kuna mahali umechepuka, pengine kupitia bomba, pengine kupitia ukuta wenye unyevu, pengine kupitia mwili wa mtu. Kikatio cha miliampea 30, ambacho ndicho cha kumkinga binadamu, hutakiwa kukata umeme kwa muda usiozidi sekunde 0.3 uvujaji unapofikia kiwango hicho, na usiozidi sekunde 0.04 uvujaji unapofikia mara tano yake. Mtu atapata mshtuko, hilo halizuiliki, lakini mshtuko utakoma kabla moyo haujavurugika. Kazi hiyo haikupata kufanywa na fyuzi hata siku moja, wala haitafanywa.

Hapa ndipo hoja ya kwamba nyumba imekaa miaka 40 salama inapodhoofika. Nyumba ilikaa salama bila ya shawa ya umeme. Siku shawa ilipofungwa, hesabu ya usalama ilibadilika, ijapokuwa hakuna ukuta uliovunjwa wala waya ulioongezwa. Waya wa taa, ambao kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5, haukukusudiwa kubeba ampea 24. Fundi mwangalifu huitengenezea shawa njia yake yenyewe kutoka katika sanduku la umeme, kwa waya wa milimita 4 au 6 au zaidi, kutegemea umbali na namna waya ulivyopitishwa. Fundi wa haraka huunga palipo karibu.

Tena nyumba zetu zinaweza kubadilika hata pale ambapo hakuna fundi wa umeme aliyeingia. Katika nyumba nyingi za zamani waya wa ethi uliungwa kwenye bomba la maji la chuma, kwa sababu bomba hilo lilipita chini ya ardhi kwa umbali mrefu na lilikuwa njia nzuri ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Miaka ilivyokwenda mabomba ya chuma yalipata kutu, na mafundi wa maji wakaweka ya plastiki. Plastiki haipitishi umeme. Hivyo ethi ya nyumba nzima ikatoweka siku ambayo mwenye nyumba alidhani anatengeneza maji tu. Waya wake bado unaonekana ukutani, umefungwa vizuri, lakini hauelekei popote.

Hata palipo na ethi rodi iliyozamishwa ardhini, hali ya visiwa vyetu haitusaidii sana. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, na mawe hayo yakikauka hayapitishi umeme vizuri. Tuseme ukinzani wa ethi ni omu 100. Waya wa moto ukigusa chuma cha bomba, mkondo utakaokwenda ardhini hautazidi ampea 2.3. Fyuzi ya ampea 30 itabaki imetulia, na bomba litabaki na umeme mchana na usiku likimngoja atakayeligusa. Lakini kikatio cha miliampea 30 kitaziona hizo ampea 2.3 na kukata papo hapo. Kwa hesabu ya wataalamu, kikatio hicho kinaweza kuizuia volti ya chuma kilichoguswa isibaki juu ya 50 hata kama ukinzani wa ethi unakaribia omu 1,667, ingawa fundi mwema hatakubali kufika huko. Kwa hiyo ni makosa kudhani kwamba kinga hii ni anasa ya nchi tajiri. Penye ardhi duni kwa ethi ndipo inapohitajika zaidi.

Katika majengo ya ghorofa suala hili linavuka mlango wa mtu mmoja. Katika maghorofa ya Michenzani, na katika nyumba za Mji Mkongwe zilizogawanywa vyumba kwa familia kadhaa, bomba moja la chuma linaweza kupita katika mabafu ya watu wengi. Shawa mbovu ya jirani wa juu inaweza kulitia umeme bomba analolishika mtoto wa jirani wa chini, ambaye nyumbani kwao hamna shawa ya umeme kabisa. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa, nazo hunyonya unyevu. Waya uliochakaa ndani ya ukuta wa namna hiyo hauna tena ngozi ya kutumainiwa. Kwa hiyo anayesema kwamba nyumba ni yake na hatari ni yake anasema nusu ya kweli.

Nchi nyingine zimelijibu swali hili namna gani? Marekani ilianza kudai kinga ya aina hii kwa soketi za bafuni katika kanuni za mwaka 1975. Nchini Brazil, ambako shawa za namna hii hutumika katika majumba mengi mno, kanuni za umeme zinadai kikatio kisichozidi miliampea 30 katika njia za umeme zinazohudumia bafu. Uingereza, ambayo mafundi wetu wengi walirithi kanuni zake, ilitegemea kwa miaka mingi ethi imara na kuunganishwa kwa vyuma vyote vya bafuni. Kuanzia toleo la mwaka 2008 la kanuni zake, kila njia mpya ya umeme inayohudumia bafu ilitakiwa kuwa na kikatio cha miliampea 30.

Mfano wa Uingereza una somo kwa wanaopinga na wanaounga mkono. Kanuni za mwaka 2008 hazikurudi nyuma kuvihukumu vyumba vilivyowekewa umeme kabla yake. Mwenye nyumba ya zamani hakulazimishwa kuvunja kuta. Lakini kazi mpya, hata ndani ya nyumba ya zamani, ilitakiwa ifuate kanuni mpya. Kisha mwaka 2020 Uingereza yenyewe, mbali na sehemu nyingine za ufalme huo, ilitunga sheria ya kuwataka wenye nyumba za kupangisha wawe na ukaguzi wa umeme walau kila baada ya miaka mitano. Msingi wa tofauti hiyo ni wa haki. Mwenye nyumba anayeishi ndani ya nyumba yake anaijua na ana mamlaka ya kuitengeneza. Mpangaji halioni sanduku la umeme la mwenye nyumba, hajui waya ulivyoungwa, wala hana ruhusa ya kuugusa. Mgeni aliyelala usiku mmoja anajua kidogo zaidi ya hapo.

Sisi tunaona kwamba hapo ndipo penye jibu la swali letu. Umri wa nyumba si kipimo. Kipimo ni nani anayebeba hatari, na kama ana uwezo wa kuijua na kuiondoa.

Kabla ya kutaja tunayoyapendekeza, ni wajibu wetu kukiri ugumu mmoja ambao mafundi wanaujua vizuri. Katika shawa nyingi za bei nafuu koili inayopasha maji iko wazi, na maji huigusa moja kwa moja. Umeme kidogo huvuja kupitia maji hayo, na waya wa ethi wa shawa umewekwa makusudi kuuchukua. Maji yakiwa na chumvi uvujaji huongezeka, na visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi. Matokeo yake ni kwamba kikatio hukata umeme mara kwa mara, mwenye nyumba hulalamika, na fundi hukiondoa au hukiruka. Kisha shawa hufanya kazi vizuri na kila mtu huridhika.

Kuridhika huko ni kwa hatari. Kikatio hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinasema kweli. Kumwondoa mlinzi kwa sababu anapiga kelele kila anapomwona mwizi si njia ya kulinda nyumba. Dawa ni kutumia shawa ambayo koili yake imefungwa ndani ya ala isiyogusana na maji, au hita ya tangi iliyo na ethi sahihi, au kupasha maji kwa jua, ambalo Mwenyezi Mungu ametujaalia kwa wingi. Palipo na maji ya chumvi, shawa ya koili wazi haifai, na wafanyabiashara wanaoziingiza nchini wanapaswa kuwaeleza wateja wao hivyo.

Sasa tuseme tunaloliamini. Kwanza, shawa ya umeme inayofungwa leo katika nyumba ya zamani ihesabiwe kuwa ni kazi mpya. Isifungwe mpaka iwe na njia yake yenyewe, waya wa kipimo kinachostahili, ethi iliyopimwa kwa chombo na si kwa macho, na kikatio cha miliampea 30. Katika hili hatuoni hoja ya ufukara. Aliyemudu kununua shawa na kulipia umeme wake hawezi kusema kwamba kinga yake iko nje ya uwezo wake.

Pili, nyumba za wageni, nyumba za kupangisha, mabweni na majengo ya umma ambayo tayari yana shawa za umeme yapewe muda maalumu wa kukaguliwa na kutengenezwa. Sisi tunaona miaka miwili inatosha. Serikali ianze na majengo yake yenyewe, ili inapomtaka mwananchi afuate isiwe inamtuma mahali ambako yenyewe haijakwenda. Visiwa vyetu vinategemea wageni, na vitanda vya kulaza wageni vimeenea hadi vijijini. Kifo kimoja bafuni ni msiba wa familia moja kwanza, lakini pia ni doa kwa nchi nzima.

Tatu, mwenye nyumba anayeishi katika nyumba yake asitishwe kwa faini, bali aelimishwe na asaidiwe. Kikatio kinaweza kufungwa katika sanduku la umeme bila ya kuvunja ukuta hata mmoja, na palipo na nyaya za zamani ndiyo hatua ya kwanza yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Kwa wasio na uwezo, Shirika la Umeme na Wizara inayohusika waangalie uwezekano wa kukifunga na kulipwa kidogo kidogo kupitia umeme anaonunua mwananchi kila mwezi.

Nne, vikatio na shawa vinavyoingia bandarini vipimwe na Taasisi ya Viwango. Kikatio cha bandia ni kibaya kuliko kutokuwa na kikatio, kwa sababu mtu hukitumainia. Na fundi anayefunga vifaa hivi awe na leseni na awe na chombo cha kupimia, kwani hakuna jicho linaloweza kuuona ukinzani wa ardhi.

Inafaa pia wananchi wajue mipaka ya kifaa hiki. Kikatio hakimkingi mtu aliyeshika waya wa moto na wa nyutro kwa wakati mmoja bila ya umeme kuvuja ardhini. Hakiuondolei waya mwembamba mzigo mzito. Hiyo bado ni kazi ya breka. Nyumba inapolishwa na jenereta ndogo isiyotuliziwa ardhini, kikatio kinaweza kushindwa kufanya kazi yake, na jambo hilo tulikumbuke sisi ambao tulikaa bila ya umeme wa gridi Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, jenereta zikinguruma kila mtaa. Juu ya yote, hewa yetu ya chumvi hula vyuma vidogo vilivyomo ndani ya kifaa. Kila kikatio kina kitufe cha kujaribia. Kibonyezwe mara kwa mara, na hapa kwetu tungeshauri mara moja kila mwezi. Umeme usipokatika, fundi aitwe siku hiyo hiyo, na shawa isitumiwe.

Wako watakaosema kwamba tunatia watu hofu. La hasha. Umeme wa kutoka Bara umetufikia Unguja kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980, na Pemba tangu mwaka 2010, nao umekuwa msingi wa maendeleo yetu. Hatusemi kwamba shawa zing'olewe. Tunasema kwamba tusikipeleke bafuni kitu chenye nguvu kama hiki kwa kinga iliyotengenezwa kwa ajili ya taa na pasi.

Mtu anapofariki kwa umeme majumbani, waombolezaji hufarijiana kwa kusema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una mahali pake. Lakini kwa ajali ya shawa ya umeme kinga ipo, inajulikana kwa zaidi ya miaka 60, na inatoshea katika kiganja cha mkono. Ni matumaini yetu kwamba wenye nyumba hawatangoja kulazimishwa, na kwamba wakuu wanaohusika hawatangoja msiba ili wachukue hatua ambayo inaweza kuchukuliwa sasa.